Tupeane uzoefu: Asubuhi yako na kuku inaendaje kabla hujatoka nyumbani?

Mama Pacha, Jinja

Wafugaji, salaam. Tunazungumza sana bei ya chakula na bei ya trei, lakini kazi yenyewe iko asubuhi. Naomba kila mtu aeleze asubuhi yake ilivyo kweli, na kandambili zake na matope yake, siyo ile ya semina. Mwenye kuku watano na mwenye mia, wote karibuni.

Naanza mimi. Nafuga huku Walukuba, kuku wa mayai pamoja na wa kienyeji kidogo. Nikishaswali alfajiri naenda bandani kabla hapajapambazuka sawasawa. Sifungui. Nasimama nje ya wavu, tochi nimeizima, nasikiliza. Saa hiyo wamekaa kwenye fito wametulia, kwa hiyo anayekoroma kifuani au kupiga chafya unamsikia peke yake. Kukikucha wakaanza kelele, humsikii tena.

Halafu chakula hakiingii kabla sijawatazama. Hapa nabishana na watu kila siku. Wengi wanafungua mlango wakiwa na ndoo mkononi, kuku wanavamia, na wewe unaona vumbi na mabawa tu. Mimi naingia mikono mitupu. Kuku mzima atakufuata miguuni akidhani umeficha kitu. Aliyebaki kwenye kona, manyoya yamemtimka, macho nusu yamefumba, huyo ndiye wa kukamatwa. Namtazama upanga wa kichwani kama umepauka, naminya kile kifuko cha shingoni (asubuhi kinatakiwa kiwe kitupu, chakula cha jana kiwe kimeshashuka), namgeuza nione nyuma kama pamechafuka. Hapo ndipo naleta maji, kisha chakula.

Kijana wa roleksi (chapati ya kukunja na mayai) wa pale kona anataka mayai kabla ya saa moja maana wateja wake ni watu wa kuwahi kazini. Huyo nampa ya jana. Ya leo siyagusi mpaka saa nne. Kuku wengi hutaga asubuhi, ukiingia ukitoka unawafukuza kwenye viota, wanakwenda kutaga chini.

Haya, wengine.

Tenga la Bibi, Tororo

Mama Pacha una bahati ya banda. Huku kwetu kijijini kuku wanalala jikoni, na asubuhi kazi ya kwanza ni kuzoa kinyesi chao kabla moto haujawashwa.

Ila mwenye asubuhi yenyewe ni mama mkwe wangu. Anakaa kwenye kigoda mlangoni, mlango kaufungua kiasi cha kuku mmoja kupita. Kila mtetea akitokeza anakamatwa, anapapaswa kwa kidole. Mwenye yai anarudishwa ndani na kufunikwa kwa tenga mpaka atage. Asiye na yai anaachiwa aende zake. Hakosei. Tangu niolewe hapa sijaona yai letu likiokotwa kwenye mihogo ya jirani.

Vifaranga hawatoki mapema. Umande ukiwalowesha wanapata baridi, kwa hiyo wanabaki chini ya tenga na mama yao mpaka nyasi zikauke. Wakitoka tu kunaanza zamu ya kulinda mwewe. Likizo ni ya watoto, siku za shule ni yangu.

Fundi Simu, Kawempe

Hahaha, kuku wa Tororo wanakaguliwa kama abiria wa Entebbe! Mpe salamu zangu bibi.

Mchanjaji, Mukono

Hiyo ya kupapasa ipo sehemu nyingi na inafanya kazi. Bibi akate kucha tu na anawe mikono kabla ya kuhamia kuku mwingine, maana uchafu unaoingizwa pale unafika kwenye njia ya yai. Njia nyingine ni kuacha yai moja la bandia kwenye kiota, hata la mti lililochongwa vizuri. Mtetea akiona kuna yai anaamini mahali hapo ni salama.

Fundi Simu, Kawempe

Zamu yangu. Mimi ni mpangaji, ua tunachangia nyumba sita, na saa kumi na mbili na nusu lazima niwe stendi, la sivyo foleni inanimaliza. Kwa hiyo asubuhi yangu ni fupi.

Kwanza kinyesi. Chini ya fito nimetandika gunia lililopasuliwa, kila asubuhi nalikunja na kulikung'uta kwenye ndoo. Hilo ndilo linalonifanya nikae na majirani kwa amani. Mama wa nyumba ya nne amepanda sukuma na dodo (mchicha) kwenye viroba, ndoo anachukua yeye. Nilimwambia asimwage mbichi kwenye mizizi, inaunguza, aiache ioze kwanza.

Sina jogoo. Nilikuwa naye, akaanza kuwika saa tisa usiku. Jirani anayefanya zamu za usiku akapeleka mashtaka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), na ukweli ana haki, mtu anarudi amechoka. Jogoo akaliwa Krismasi. Watu wa uani wakaniuliza sasa hawa watatagaje bila mume? Wanataga vilevile. Yai halihitaji jogoo, ila hilo huwezi kulitotolesha.

Juu nimefunga wavu wote kwa sababu ya mwewe. Kampala wamezoea watu, wanashuka katikati ya ua mchana kweupe na mama anafua palepale.

Chakula naweka usiku, wakiamka wanakikuta. Sina muda wa kuwasimamia.

Mama Pacha, Jinja

Kaka, chakula cha usiku unawalisha panya. Na panya wakija kwa chakula, siku nyingine wanakuja kwa mayai na vifaranga, na nyoka anakuja kwa panya.

Fundi Simu, Kawempe

Naning'iniza kwa waya, dada. Ila nimekusikia.

Mzee Kanga, Arua

Mnabishana chakula, huku kwetu West Nile ugomvi ni maji. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari, saa nne tu kuku wamekwishatanua mabawa na wanahema kwa mdomo. Kuku hana jasho, joto analitoa kwa kuhema. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kitu chochote namwaga maji ya jana, hata kama yanaonekana safi. Pitisha kidole ndani ya chombo, ukisikia utelezi ujue hujakiosha, umekisuuza. Nasugua kwa mchanga na majani, naweka maji mapya, na chombo nakipeleka kivulini upande ambao jua litachelewa kufika.

Kuku wa mayai anakunywa karibu robo lita kwa siku, mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likizidi anapita hapo. Mnyime maji asubuhi moja uone mayai yatakavyokuambia. Mimi natumia chungu cha udongo, kinapoza.

Na nina kanga. Wanalala juu ya mwembe, wanashuka kabla ya kuku kuamka. Wakipiga ile kelele yao mfululizo natoka na fimbo moja kwa moja, mara nyingi ni nyoka, mara nyingine nguchiro. Siwafungulii kuku mpaka kanga wametulia. Mwenye nafasi afuge hata wawili, mbwa wangu mwenyewe anawategemea.

Binti Bombo

Mimi kwenye maji ya asubuhi natia mwarobaini na shubiri, siku nyingine pilipili kichaa zilizopondwa. Kuku wangu hawajaugua.

Mchanjaji, Mukono

Binti Bombo, sikukatazi, bibi zetu wote walifanya hivyo. Lakini kideri (ugonjwa wa Newcastle) hakisikii pilipili. Kikiingia utaona kinyesi cha kijani, mabawa yameshuka, shingo inapinda, na kwa siku chache banda ni tupu. Dawa haipo. Ipo chanjo tu, na chanjo nayo ni kazi ya asubuhi, ngoja niieleze kwa kirefu maana hapa ndipo watu wanapotupa pesa.

Kama unawanywesha kwenye maji, ondoa vyombo vya maji alfajiri, waache saa moja au mbili wapate kiu. Kukiwa na baridi bado, changanya chanjo na uwape kwa vyombo vya kutosha ili hata wanyonge wapate pa kunywa. Yote iishe ndani ya saa mbili. Jua likiifikia, imekufa. Usitumie maji ya bomba yaliyotoka muda huo huo, ile dawa ya kuua vijidudu inaua na chanjo. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, au maji ya bomba yaliyolala wazi usiku kucha, na ukoroge maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo kabla ya kutia chanjo. Chombo kioshwe kwa maji matupu, bila sabuni.

Tatizo la sisi wa kuku kumi na tano ni kwamba kichupa kimoja kina dozi mia na zaidi, na ukishakifungua na kukichanganya hakirudi kwenye friji. Ndiyo maana kijijini kwetu tunachanja pamoja. Asubuhi moja iliyopangwa, kila nyumba haifungui kuku. Kichupa kinaletwa kwenye termosi yenye barafu, tunapita nyumba kwa nyumba na ile ya matone, tone moja jicho moja, kuku anaachiwa akishapepesa. Kufika saa mbili tumemaliza na gharama tumegawana. Nyumba moja ikikataa, ndiko ugonjwa utakakokaa ukiwasubiri.

Na usichanje kuku aliyekwisha kuugua ukidhani unamtibu.

Binti Bombo

Ahsante. Hapo kwenye kugawana kichupa nimepata, nilikuwa naona bei yake kwa kuku wangu tisa ni dharau. Nitaongea na majirani.

Maganda ya Kahawa, Masaka

Mimi nalea vifaranga vya kuroila, wale waliotoka India wakaanza kuenea hapa Uganda karibu mwaka 2010. Wanakua haraka, wanajitafutia kama wa kienyeji, lakini kuatamia si kazi yao. Kwa hiyo mama yao ni mimi, na joto lao ni sigiri (jiko la makaa).

Asubuhi yangu inaanza kwa kuchungulia bila kuwashtua. Walivyolala ndiyo ripoti ya usiku. Wakiwa wamebanana mlima mmoja karibu na sigiri, waliona baridi, na wa chini huenda wamekosa hewa. Wakiwa wamekimbilia ukutani wote midomo wazi, joto limezidi. Wakiwa wametawanyika, mmoja analala, mwingine anadonoa, basi usiku ulikuwa mzuri. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, halafu unapunguza kidogo kila wiki. Makaa yawashwe nje mpaka moshi uishe ndipo yaingie, na dirisha la juu lisizibwe hata mvua inyeshe. Hewa ya mkaa haina harufu, na imeua vifaranga wa watu na watu wenyewe.

Baada ya hapo nachuchumaa. Kweli, nachuchumaa mpaka uso uwe usawa wa kifaranga, navuta pumzi. Ukisimama wima hunusi kitu, lakini chini kule macho yanaweza kukuwasha. Kifaranga anaishi huko saa zote. Ikiwasha nageuza maganda ya kahawa niliyotandika, yaliyolowa chini ya chombo cha maji nayatoa, naongeza makavu. Kipimo changu ni kiganja: chukua konzi, minya, fungua mkono. Yakishikana donge, yamelowa, na unyevu huo ndio unaoleta ile ya kuhara damu. Yakiwa vumbi tupu, watakohoa. Yakimeguka taratibu, sawa. Angalieni tu msichukue maganda yenye ukungu, ukungu ule unaingia mapafuni.

Tenga la Bibi, Tororo

Swali kwa Mchanjaji. Leo asubuhi mtetea mmoja katoa kinyesi cha kahawia, laini kama kimeyeyuka, kinanuka vibaya. Wengine chao ni kigumu chenye nyeupe juu. Nimtenge?

Mchanjaji, Mukono

Anakula? Anatembea?

Tenga la Bibi, Tororo

Anakula na anapiga wenzake.

Mchanjaji, Mukono

Basi mwache. Hicho hutoka kwenye utumbo ule wa pembeni, kila kuku mzima anakitoa mara chache kwa siku katikati ya kile cha kawaida. Mtenge ukiona damu, au kijani siku mbili mfululizo, au maji matupu. Kijani cha siku moja kwa kuku aliyekosa chakula si ajabu. Na tenga la mgonjwa likae mbali, mhudumie wa mwisho baada ya wazima, siyo kinyume.

Mzee Kanga, Arua

Hiyo ya kumhudumia mgonjwa mwisho ilistahili kusemwa mapema. Watu wanaanza na mgonjwa kwa huruma, halafu viatu vilevile wanaingia navyo kwa wazima.

Fundi Simu, Kawempe

Maganda ya Kahawa, hayo maganda unauza au unagawa? Nina safari ya Masaka mwisho wa wiki, nakuja na magunia yangu matatu.

Maganda ya Kahawa, Masaka

Mimi nayachukua kwenye kinu cha kukoboa, kila mara naonja kwa kiganja kabla ya kulipa. Njoo mapema, kabla ya saa tatu, wenye mashamba ya matoke wakifika na lori lao hakibaki kitu. Na uje na turubai, mvua ya njiani isije ikakuharibia.