Jumba la sinema hapa Kisumu, mmetuharibia Avatar ya pili, mnatuonaje?

Wadau naandika hii nikiwa na hasira na sitaficha. Avatar ya kwanza ya 2009 niliionea kwa kibanda cha video Kondele, tivi ndogo, watu wamebanana, nikaapa ya pili nitaiona kwa skrini kubwa. Miaka 13 nimengoja. The Way of Water imetoka, nikaiona Nairobi wiki jana na nawaambia sijawahi ona kitu kama kile. Mimi nimekulia Dunga, maji nayajua, najua jua la saa kumi likipiga ziwa linavyovunjikavunjika mpaka chini kwa mchanga, na huyu mwongozaji James Cameron ameipata hiyo kabisa. Kuna pahali Kiri, yule msichana wa kwa hiyo muvi, amelala tu, uso ndani ya maji, anaangalia mchanga, hakuna vita hakuna kelele, na nikajipata nimebana pumzi. Waigizaji waliingia kwa tangi la maji kweli wakafunzwa kubana pumzi, Kate Winslet alipita dakika 7!

Sasa jana nikampeleka kijana wa dada yangu hapa kwetu, 3D, nikitaka naye aone. Giza. Kila kitu rangi ya chai ya rangi. Miwani ya 3D inakula mwanga, mtu yeyote wa projekta anajua hiyo, ndio maana balbu lazima iwe na nguvu, lakini yenu imechoka na bado mnakata tiketi bei ile ile. Miwani yenyewe imekwaruzwa na ina mafuta ya vidole. Ule mti wa roho unaowaka chini ya maji, kijana akanivuta shati, "Anko, hapa wako ndani ya maji ama ni usiku?" Niliumia jameni. Meli ikizama kule mwisho tulikuwa tunasikia tu watu wakiitana.

Nikatoka nikamwambia jamaa wa mlangoni, ati "hiyo muvi ndio iko hivyo, ni ya giza." Si ya giza! Nimeiona na macho yangu! Masaa matatu na dakika 12 mtoto amekaza macho hadi kichwa kikamuuma.

Meneja kama unapitia hapa, badilisha hiyo balbu kabla ya Jumamosi. Nakuja na kijana, na zile tiketi mbili bado ninazo.