Sticky Keys, Filter Keys au kibodi ya kwenye skrini: ipi inamfaa mtu wa mkono mmoja?

Plasta77: Wakuu habari. Mkono wa kulia uko kwenye plasta wiki ya pili sasa na kazi yangu ni kuandika kutwa. Herufi za kawaida kushoto kunatosha, ila zile za kubonyeza mbili kwa mpigo ndo zinanitesa, Ctrl na P navuta vidole mpaka mshipa unauma. Windows naona ina njia tatu, nichukue ipi?

bibi_spidi: Pole sana. Chukua Sticky Keys. Gonga Shift mara 5 mfululizo, kiboksi kikija kubali. Kuanzia hapo unabonyeza Ctrl, unaachia, ndo unabonyeza P, kompyuta inahesabu umebonyeza pamoja. Kibodi ya skrini nilikaa nayo mwezi mzima, unaiita kwa Windows, Ctrl na O, lakini kusaka herufi mojamoja na mausi kwenye barua ya kurasa 3 ni mateso halafu inaziba kile unachoandika. Hiyo namwachia ambaye kibodi hawezi kuigusa kabisa.

mzee_wa_setingi: Sawa kabisa, na Filter Keys hapo haikuhusu, hiyo ni ya mkono unaotetemeka. Baba yangu akiandika "baba" ilikuwa inatoka "bbaabbba". Ndani yake kuna vitu viwili, kimoja kinapuuza kitufe kikirudiwa harakaharaka, kingine kinataka ushikilie kidogo ndo herufi itoke. Mwanzo nilimwashia cha pili, kibodi ikawa nzito mzee akasusa. Nikahamia cha kwanza, nusu sekunde, sasa anaandika meseji zake mwenyewe na mimi nafurahi kuzisoma.

chausiku_k: Tena muwe makini, ukishikilia Shift ya kulia sekunde 8 Filter Keys inajiita. Mtu akikubali bila kusoma anaona kibodi imekufa anaanza kutafuta nyingine. Bonyeza Windows na U, ingia sehemu ya kibodi, izime.

Plasta77: Nimewasha Sticky Keys, raha, ila kila baada ya muda inazimika yenyewe??

bibi_spidi: Mazoea hayo, umebonyeza Ctrl na herufi kwa pamoja kama zamani, ikiona hivyo inajizima. Kwenye setingi zake kuna tiki ya hilo, itoe.

mzee_wa_setingi: Na kama kibodi yako ina namba pembeni jaribu Mouse Keys: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto, Num Lock. Hapo 8 inapandisha mshale, 2 inashusha, 4 na 6 pembeni, 5 inabofya. Mkono hauhamihami kwenda kwenye mausi.

Plasta77: Imekubali, ripoti nimeshaiprinti. Ule mlio kila nikigusa Ctrl unazimwa wapi? Naandika usiku na mtoto amelala.

bibi_spidi: Hapohapo kwenye Sticky Keys, shuka chini kidogo, kuna tiki ya sauti.