Majivu ya mjomba yamebaki Florida: sheria inasemaje?

Mkazi wa Nkuhungu:
Ndugu wanajamvi, mjomba wetu alifariki Florida, Marekani, na kwa kuwa gharama za kusafirisha mwili hadi Dodoma zilitushinda, mwanawe aliridhia uchomwe. Sasa ni mwezi wa tatu, majivu yako kwa kampuni ya mazishi, na binamu hapokei simu. Je, kampuni inaweza kuyatupa?

Wakili wa Area C:
Pole sana, ndugu yangu. Kuyatupa kama taka, hapana. Lakini sheria ya Florida inairuhusu kampuni kuyapeleka makaburini au kuyamwaga baharini zikipita siku 120 tangu kuchomwa bila mtu kuyadai, na baada ya hapo hakuna wa kuyarudisha. Andikeni leo mkieleza kwamba mnayahitaji. Kwa kawaida kampuni hukabidhi kwa aliyetia saini au kwa mtu aliyeidhinishwa naye, kwa hiyo wazee wa ukoo wamfikie huyo kijana, awape idhini ya maandishi.

Mama wa Kikuyu:
Ombeni pia cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa mwili. Chombo kiwe cha mbao au plastiki, maana cha chuma hakipenyezi mionzi ya ukaguzi uwanja wa ndege, na wakaguzi hawatakifungua.

Mkazi wa Nkuhungu:
Ahsanteni sana. Barua inaondoka usiku huu. Bibi yuko Mvumi, na anachoomba ni kumzika mwanawe kando ya kaburi la babu.