Kundi la damu na mazoezi: je, kuna uhusiano?

Swali: Ndugu wanajamvi, mimi ni wa kundi O na mwenzangu ni A. Kocha anasema O wameumbwa kwa mazoezi mazito, na A wabaki kwenye kutembea. Jana tulipokimbia kupanda mlima, mimi ndiye niliyeshika magoti nikihema, naye akanisubiri kileleni. Je, kauli hiyo ina msingi?

Jibu: Haina. Makundi ya ABO, aliyoyagundua Karl Landsteiner mwaka 1901, hutofautishwa na sukari zilizo juu ya chembe nyekundu, ilhali oksijeni hubebwa na himoglobini iliyo ndani ya chembe, ambayo haibadiliki kwa sababu mtu ni A au O. Pumzi yako itaongezwa na mazoezi.

Jibu: Naafiki. Tofauti iliyothibitika ni ya kuganda kwa damu: wa kundi O huwa na protini ya von Willebrand, inayosaidia damu kuganda, pungufu kwa takriban asilimia 25. Hilo haliamui kasi.

Jibu: Kinachonisikitisha ni kwamba wengi hukariri kundi lao, wasijue kama ni AS, yaani wamerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja. Kwa kawaida wenye AS hufanya mazoezi bila shida, lakini wakisukumwa mfululizo kwenye joto kali, wakiwa wamepungukiwa maji, misuli yaweza kuharibika hata ikadhuru figo. Mwenye hali hiyo akisema miguu imelegea, aachwe apumzike papo hapo. Asilazimishwe kumaliza mzunguko.