Tungule zanyauka zikiwa kijani: msimu wa mvua na kipupwe hapa Mombasa, nipandeje nje?

UmmuKhalil, Mtopanga

Assalaam aleikum, na hamjambo wakulima wenzangu.

Nina kishamba nyuma ya nyumba, huku Mtopanga. Si kikubwa, ni matuta machache baina ya minazi miwili na ukuta wa jirani. Wakati wa kaskazi mchicha, bamia na kunde hunitokea vizuri. Taabu yangu ni tungule, yaani nyanya. Masika haya nimepanda miche ya aina ya Cal J, ikashika, ikaanza kutia maua, kisha mambo yakageuka.

Mmea waweza kuamka mzima asubuhi, adhuhuri ukawa umelegea, jioni ukainuka tena. Siku chache zikipita hauinuki. Wafa ukiwa kijani vilevile, hata haukupata kugeuka manjano. Miche mingine haijanyauka, ila majani ya chini yameingia madoa ya hudhurungi yenye duara ndani ya duara, na madoa yapanda juu kila uchao. Maua nayo mengi yaanguka kabla ya kufunga.

Nimeuziwa dawa ya ukungu, nimeipiga, na mimea yaendelea kunyauka. Naomba ushauri wa kweli: tungule zawezekana kupandwa nje, bila nyumba ya kilimo, wakati huu wa mvua na baridi ya kusi? Au hii kazi tuwaachie watu wa Taveta na Loitokitok, sisi tukanunue Kongowea? Mvua zikichacha bei hupanda, na nyumbani hatupiki bila tungule.

Mkulima wa Shanzu

Wa aleikum salaam dada UmmuKhalil. Hapo una maradhi mawili, na ni muhimu uyatenganishe kabla hujatoa senti nyingine dukani.

Madoa yenye duara ni bakajani, ukungu unaopenda joto na majani yaliyorowa. Huo una dawa ya kuuzuia. Mmea unaokufa ukiwa kijani, huo nahofia ni mnyauko wa bakteria, na bakteria hao wako ardhini. Wanaingia kwa mizizi, wanajaa kwenye mishipa ya shina, maji yanashindwa kupanda. Ndiyo maana mmea unalegea wakati wa jua ilhali udongo umelowa.

Fanya hivi uhakikishe. Chukua mmea ulionyauka leo, si uliokauka. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kitie maji safi kwenye gilasi inayoonyesha, ukishike kwa uzi au kibanio ili ncha iliyokatwa iguse maji, na usikitikise. Ngoja dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe za maziwa zinateremka kutoka pale ulipokata, ni bakteria. Kusipotoka kitu, chimba uangalie mizizi: ikiwa na vinundu vinundu ni minyoo fundo, na kwenye kichanga chetu cha pwani hao wamejaa.

Tuletee jibu.

UmmuKhalil, Mtopanga

Kaka nimefanya. Zimetoka nyuzi nyeupe, wala sikungoja sana. Mizizi haina vinundu. Sasa dawa yake ni ipi?

Mkulima wa Shanzu

Dada yangu, hakuna dawa ya kupiga ikaponya mmea ulioingia. Yeyote atakayekuuzia chupa kwa jina hilo atakula pesa yako. Kazi iliyobaki ni kuzuia usisambae. Ng'oa mgonjwa pamoja na udongo ulioshika mizizi, tia kwenye gunia, choma ukikauka. Usitupe kwenye shimo la mboji wala usiuburure juu ya tuta jingine. Kisu na jembe vioshe kwa jiki iliyochanganywa na maji kabla hujagusa mmea wa pili. Na usikubali maji ya mvua yatiririke kutoka tuta hilo kwenda mengine, kwani hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa: masika inabeba bakteria kutoka tuta hadi tuta, na ikivuka ukuta inamfikia jirani.

Tuta hilo lisahau kwa tungule, pilipili, mabiringani na mbatata. Zote ni jamaa moja, na bakteria hao wanaishi udongoni miaka. Panda mahindi au mtama, na magugu ya jamaa ya mnavu yang'oe, yanawahifadhi.

Kijana wa Utange

Mimi nalima nje masika yote, na sikubaliani na wanaosema haiwezekani. Siri ni paa. Nimesimika miti ya mikandaa, nikatandika karatasi ya naili angavu juu, pembeni wazi kabisa. Upande mmoja uwe juu kuliko mwingine ili maji yamwagike nje ya matuta, kwenye mtaro. Upepo wa kusi unapita chini, majani yanakauka. Usizibe pembeni kwa kutaka kuiga nyumba za kilimo za Limuru. Kwa joto na unyevu wa hapa utakuwa umejenga tanuri la ukungu. Paa liwe juu ya kichwa chako, na kamba ziwe imara, kusi ikivuma usiku haina huruma na naili.

Mzee wa Likoni

Binti yangu UmmuKhalil, vijana wamekupa mambo mazuri, lakini mimi nataka kukuuliza tarehe. Ulitia miche ardhini masika inaanza, maana yake maua yameangukia Mei. Mei ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa, kwa kawaida hupita milimita 200. Chavua ya tungule ikirowa hushikana, haidondoki. Ua la tungule hujichavusha lenyewe, linataka kutikiswa tu na upepo au mdudu, basi. Kukiwa na unyevu wa hivyo hata ulitikise ni bure.

Tungule haijali urefu wa mchana. Kuna mimea inayongoja siku zifupike ndipo itie maua. Hii ikifika umri wake inatia. Na hapa tulipo, digrii 4 kusini ya ikweta, mchana haubadiliki wa kuhesabika. Kwa hiyo wewe ndiye unayechagua maua yafunguke mwezi gani, kwa kuchagua siku ya kumwaga mbegu. Uwezo huo wakulima wengi wa pwani hawautumii, nami naona ndio mali yetu kubwa.

Chagua kipupwe. Julai na Agosti mchana ni kama nyuzijoto 28, usiku hushuka hadi 20 na kitu. Tungule hufunga vizuri usiku ukiwa hivyo. Linganisha na Februari na Machi, usiku nao ni moto, maua yanapukutika hata ukimwagilia. Watu wa bara wakisikia kipupwe cha Mombasa kinaitwa baridi hucheka, lakini kwa mti huu ni hali ya hewa ya kuomba.

Basi mwaga mbegu kitaluni katikati ya Mei, chini ya paa dogo. Miche ikae wiki nne, itoke katikati ya Juni, masika ishapungua nguvu. Maua yatakuta Julai. Kutakuwa na mvua za mchoo, manyunyu ya asubuhi na saa nyingine rasharasha la ghafla, lakini hizo paa la huyu kijana linaziweza. Utachuma kuanzia mwisho wa Agosti, na uwe umemaliza kabla ya vuli ya Oktoba na Novemba.

FundiMiche

Nyongeza juu ya ule mnyauko, kwa sababu tarehe peke yake haiondoi bakteria ardhini.

Njia ya kwanza ni kuacha ardhi. Jaza magunia au ndoo kuukuu zilizotobolewa chini kwa udongo kutoka mahali ambapo hapajawahi kupandwa jamaa ya tungule, changanya na samadi iliyooza sawasawa. Kila mmea upate lita 15 au 20 za udongo. Yapandishe juu ya mawe, yasikae kwenye udongo wa zamani wala maji yasisimame chini yake.

Ya pili ni kubebesha, yaani kuunga kichwa cha mche mmoja juu ya shina la mwingine. Wengi wanajua kubebesha maembe, ila hata tungule inabebeshwa, tena juu ya biringani. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, World Vegetable Center, kimependekeza kwa miaka mingi biringani EG203 kama shina la chini, kwa sababu linahimili mnyauko wa bakteria na pia linavumilia maji yaliyotuama. Kuna tungule Hawaii 7996 inayotumika kwa kazi hiyohiyo. Biringani limwage mapema, maana linakua polepole, ili mashina mawili yalingane unene siku ya kukata. Kata mshazari kwa wembe safi, unganisha, bana kwa kibanio kidogo, kisha weka miche mahali penye giza na unyevu mwingi siku kadhaa, uizoeshe mwanga taratibu. Na siku ya kupanda kiungo kikae juu ya ardhi. Ukikifukia, tungule itatoa mizizi yake na kazi yote imekwisha.

Ni kazi ya mkono mtulivu. Anza na michache.

UmmuKhalil, Mtopanga

Mzee wangu, kaka zangu, nawashukuru kweli. Nimeona mwanga. Magunia nitayaweza, kubebesha nitajaribu kwa michache. Sasa niambieni mbegu. Dukani nimeonyeshwa Anna F1, Rio Grande, na hii Cal J yangu. Na je, yale madoa?

Mama Rehema, Bombolulu

Mwenzangu, Anna ni ya kupanda juu bila kukoma, inataka kamba ndefu na kukaa shambani miezi mingi. Itakukuta mpaka vuli. Kwa mpango wa Mzee wa Likoni unataka tungule fupi, inayokoma kimo chake na kuiva kwa pamoja. Cal J na Rio Grande ni za namna hiyo. Nikiwa dukani mimi hugeuza pakiti nisome herufi: Rs ni uhimili wa mnyauko wa bakteria, Fol ni mnyauko wa ukungu, TYLCV ni ugonjwa wa majani kujikunja unaoletwa na inzi weupe. Pakiti isiyo na Rs, muuzaji akikuapia kwamba ni ngumu, huyo anabashiri.

Kuna pia Tengeru 97 ya Tanzania, iliyotolewa kwa ajili ya kuhimili minyoo fundo. Uhimili wa minyoo hulegea udongo ukipita nyuzijoto 28 hivi, kwa hiyo huku kwetu lazima ufunike ardhi.

Hapo ndipo jibu la madoa lilipo. Bakajani hupanda na matone: mvua inapiga udongo, udongo unarukia majani ya chini, ugonjwa unaanzia hapo. Funika udongo. Mimi hutumia makumbi ya nazi, nayaloweka na kuyasuuza kwanza yatoke chumvi, kisha nayatandaza unene wa vidole vinne, mbali kidogo na shina. Mmea ukishika maua, ondoa majani yote yanayokaribia ardhi, chini ya goti. Panda mbalimbali, mita moja baina ya mistari. Msimu wa mvua kubana mimea kwa tamaa ya mavuno hakuleti mavuno. Simika kila mmea kwa mti wake. Maji mimina shinani, asubuhi, usinyunyize juu. Na ukitumia ya kisima yaonje kwanza, visima vingi vya huku vina chumvi.

Dawa za kopa na mankozebu huzuia, hazitibu jani lililokwisha doa. Zipigwe kabla, siku kavu, na mvua kubwa ikiosha urudie kwa kipimo cha kibandiko. Soma siku za kungoja kabla ya kuchuma, na uzingoje zote. Ulaya mankozebu haikuongezewa idhini tangu 2020, na hao unaowalisha ni wanao. Mimi nikiweza kumaliza msimu kwa makumbi, paa na kung'oa majani, dawa siigusi.

Kijana wa Utange

Mama Rehema kasema kweli. Naongeza moja: chini ya paa mvua haikusumbui, lakini matone hayaoshi wadudu pia. Kagua kanitangaze, kale kanondo kalikoingia Kenya mwaka 2014. Ukiona jani lina njia nyeupe ndani yake kama limechorwa, libane na ulitoe siku hiyohiyo.

UmmuKhalil, Mtopanga

Swali la mwisho. Zile zilizofunga tayari kwenye mimea iliyobaki zapasuka juu. Ni ugonjwa?

Mzee wa Likoni

La, binti yangu. Hiyo ni maji kuingia kwa ghafla baada ya ukavu, tunda linavimba kuliko ngozi yake. Usingoje liwe jekundu mtini. Likianza tu kuweka rangi upande wa chini, lichume, litandaze ndani kivulini. Litaiva vilevile. Mimea iliyobaki mizima ivune hivyo, kisha ng'oa yote usafishe. Na kabla hujajaza magunia, pita KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, hapo Mtwapa na mfuko wa udongo wako uulize wakuelekeze kuhusu kuupima. Matumbawe ya huku hufanya chuma kisipatikane kwa mmea, majani machanga yanakuwa manjano na mishipa kijani, na watu humwaga mbolea isiyohitajika.

UmmuKhalil, Mtopanga

Nimeshang'oa yote iliyolegea, na gunia liko juani. Miti ya paa nitaagiza wiki hii. FundiMiche, mbegu za biringani hilo nizimwage lini kama tungule naimwaga katikati ya Mei?

FundiMiche

Siku 3 hadi 7 kabla ya tungule, kutegemea joto la kitalu chako. Mwaga kidogo kidogo, siku tofauti, utapata mashina yanayolingana.