King Crimson: kutoka albamu ya 1969 hadi ya 1981, nini kilitokea?

Swali: Ndugu zangu, nimeipenda sana "In the Court of the Crimson King" ya 1969, lakini nilipoisikiliza "Discipline" ya 1981 niliona ugumu kuamini kwamba ni bendi ileile ya Uingereza. Kilibadilika nini, na nipitie albamu zipi?

Jibu la kwanza: Walibadilika watu. Mpiga gitaa Robert Fripp ndiye pekee aliyedumu tangu mwanzo. Ian McDonald, ambaye melotroni yake (kinanda kinachocheza sauti za ala zilizorekodiwa kwenye kanda) inasikika kama okestra nzima, aliondoka mwishoni mwa 1969 pamoja na mpiga ngoma Michael Giles, na mwaka uliofuata mwimbaji Greg Lake akaenda kuunda bendi ya Emerson, Lake & Palmer.

Jibu la pili: Naongeza kwamba usiiruke miaka ya 1973 na 1974, ambayo kwangu ndiyo kilele chao. Anza na "Larks' Tongues in Aspic", ambayo mpiga ngoma Bill Bruford alishiriki baada ya kuihama bendi ya Yes, kisha usikilize "Red", ambamo McDonald alirudi kupiga saksafoni akiwa mgeni, ingawa Fripp aliivunja bendi kabla albamu hiyo haijatoka. Wimbo wa mwisho wa "Red", "Starless", unastahili kusikilizwa bila kukatizwa.

Muulizaji: Nashukuru sana. Na magitaa ya "Discipline"?

Jibu la pili: Fripp na mpiga gitaa mwenzake Adrian Belew wanarudiarudia vifungu vya urefu tofauti, vinavyoachana na kukutana tena, kwa namna inayokumbusha muziki wa gamelani, yaani kundi la ala za jadi za kugongwa, wa Indonesia.