Tupeane uzoefu: vyama vya wanafunzi wa Kilatino vilivyotupokea vyuoni Marekani

Mwanzisha mada

Salaam wakuu. Mpwa wangu amepata chuo huko California, anaondoka Agosti. Juzi tumekaa barazani tunapiga hesabu ya viza, tiketi na koti la baridi, akaniuliza: "Mjomba, nikifika kule nitakuwa nakaa na akina nani?" Nikajikuta namsimulia habari za vijana wa Kilatino, yaani wenye asili ya nchi za Amerika zinazoongea Kispanyola au Kireno, naye hakuelewa Mtanzania aliingiaje huko. Najua siko peke yangu. Mliosoma Marekani mkapokelewa na vyama vyao, au mkaona mlango umefungwa, karibuni tupeane uzoefu.

Naanza mimi. Nilisoma uhandisi wa umeme karibu na Los Angeles. Wiki ya kwanza ya masomo vyama vya wanafunzi hupanga meza kwenye uwanja wa majani katikati ya chuo, kila chama kinaita watu. Nilizunguka nikitafuta hata bendera moja ya Afrika, sikuiona. Nikasimama kivulini kupumzika, kumbe nipo mbele ya meza ya SHPE, chama cha wahandisi wenye asili ya Kihispania. Dada aliyekaa pale akaniuliza nasoma nini. Nikamjibu uhandisi, lakini mimi si Mlatino. Akasema wao wanaandikisha wanaosoma uhandisi, akanisogezea kalamu.

Chama hicho kilianzishwa Los Angeles mwaka 1974 na wahandisi waliokuwa wameajiriwa na jiji hilo. Walitaka vijana wa kwao wawe na watu wa kuwatazama kwenye fani hiyo. Leo kina matawi ya wanafunzi kwenye vyuo vingi, na uanachama hauangalii damu.

Kitu cha kwanza walichonifanyia ni kuuchana wasifu wangu. Ulikuwa na kurasa nne: tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, mpaka majina ya wadhamini watatu akiwemo mchungaji. Kijana wa mwaka wa nne, mtoto wa wakulima wa zabibu, alikaa na mimi usiku mzima maktaba tukaubakiza ukurasa mmoja. Hakuniomba hata soda. Aliniambia naye alifanyiwa hivyo na aliyemtangulia.

Kikao cha tatu nikakuta jina langu kwenye orodha ya wapanga viti. Cha nne, nimepangiwa kuwafundisha hesabu wa mwaka wa kwanza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe lile ndilo lililonifanya nilale usingizi chuoni pale, maana tangu nifike hakuna mtu aliyekuwa amenihitaji kwa lolote.

Jambo moja mpwa wangu alijue mapema: kwenye maonyesho ya ajira ya chama hicho, kampuni nyingi za ndege na silaha huajiri raia wa Marekani tu. Nilipanga foleni ndefu mara mbili ndipo nikajifunza kuuliza kabla. Na mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, asianze kazi ya mafunzo bila kibali kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Hilo si la kuchezea.

Binti wa Nakuru

Asante kwa hii mada. Yangu haina ajira ndani.

Nilikuwa Illinois. Pale chuo cha Urbana-Champaign kuna nyumba ya utamaduni wa Kilatino inaitwa La Casa Cultural Latina, ipo tangu 1974, wanafunzi wenyewe ndio walioidai. Nasema nyumba kwa maana unaingia bila miadi, unakuta mtu amelala kwenye kochi, mwingine anapasha chakula. Rafiki niliyekuwa naye maabara alikuwa akinipitisha huko tukitoka darasani.

Baba yangu alifariki mwishoni mwa Oktoba. Nauli sikuwa nayo, na mtihani ulikuwa wiki ile ile. Nyumbani mnajua inavyokuwa: watu wanajaa kila jioni, kamati inakaa, mchango unapita, mama haachwi peke yake mpaka siku ya mazishi. Mimi nilikuwa bwenini na simu mkononi, natazama video za matanga ya baba yangu mwenyewe.

Wale watoto walikuwa wanaandaa Día de los Muertos, siku ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 1 na 2 Novemba. Wanatengeneza kama ngazi ya meza, wanatandika kitambaa, wanaweka picha za wafu wao, mishumaa, maua ya rangi ya chungwa wanayoyaita cempasúchil, mkate wao maalumu, na chakula alichokipenda marehemu. Rafiki yangu akaja bwenini akaniuliza kama ningependa picha ya baba iwekwe pale.

Nilisita. Nimelelewa kanisa ambalo hata kuwasha mshumaa wa marehemu ni kosa. Nikampigia mama. Mama akanyamaza kidogo, akasema: "Kama wanamlilia baba yako pamoja na wewe, nenda." Nikachapisha picha yake akiwa na kofia. Nikapika chai ya maziwa yenye tangawizi, nikaweka kikombe, na kipande cha mkate wenye siagi juu, kama alivyokunywa kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Kila aliyeingia aliniuliza habari zake. Jina lake lilitamkwa usiku ule na watu wa Guatemala, Puerto Rico, Mexico, watu ambao hawataona Nakuru maisha yao. Asubuhi nikakuta bahasha chini ya mlango wangu, wamechangishana. Haikutosha nauli. Ilitosha kununua maua ya kaburi kupitia dada yangu, na salio likaenda kwa mama.

Miaka imepita, na kila Novemba bado naweka kikombe cha chai.

Mtoto wa Uvira

Pole sana dada.

Miye nilikuja kama mkimbizi, nikiwa na miaka 14, kutoka kambi ya Nyarugusu. Nyumbani kwetu aliyejua Kiingereza ni mimi tu. Hospitali mimi, mwenye nyumba mimi, barua za serikali mimi. Nilipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, ile fomu ya FAFSA ya kuomba msaada wa fedha ilinishinda. Wakimbizi tunastahili msaada ule, ila nilikuwa sijui, na baba hakuwa na makaratasi ya mapato waliyotaka.

Walionisaidia ni wanafunzi wa chama cha Kilatino cha chuo kimoja cha mjini kwetu. Walikuwa wakija shuleni Jumamosi kusaidia familia kujaza fomu. Niliona wanaongea Kispanyola na wazazi, nikajua hawa wameyapitia yangu: watoto waliokuwa wakalimani wa mama zao tangu wadogo. Kazi hiyo vyama vyao vimeifanya muda mrefu. New York kuna ASPIRA, iliyoanzishwa 1961 na Antonia Pantoja, mama wa Puerto Rico, ili vijana wa kwao wamalize shule na wafike chuo.

Nilipoingia chuo kile nikawaambia: kuna familia za Kikongo mtaani, wazazi wao wanasikia Kiswahili tu. Mwaka uliofuata meza mbili za Kiswahili zikawekwa, nilikalia moja. Baba yangu alikuja akakaa pembeni yangu siku nzima, anawapa watu maji.

Mswahili wa Mkunazini

Nami nichangie la lugha. Nilisoma Florida, nikawa nakwenda kwenye mazoezi ya Kispanyola ya chama cha Walatino. Wallahi nilijihisi nyumbani. Meza wanaita *mesa*, bendera *bandera*. Hizi kwetu zililetwa na Wareno, jamaa zao wa karibu. Lakini zipo zilizotoka kwa Waarabu, kwao kupitia Andalusia, kusini mwa Hispania, na kwetu kupitia bahari: sukari *azúcar*, zafarani *azafrán*. Hata "hata" yetu wanayo, *hasta*. Na bibi mmoja wa Cuba kila akitaja jambo la kesho alisema *ojalá*, neno linalotokana na Kiarabu cha kumuomba Mungu ajaalie. Nikamwambia bibi, kwetu tunasema inshallah. Akanishika mkono, akanikalisha kwenye chakula.

Komredi

Nafurahi kwa mliopokelewa vizuri, lakini mpwa apewe picha yote.

Mimi nilihudhuria vikao vitatu vya chama kimoja, sitataja chuo. Vikao vilikuwa Kispanyola mwanzo mwisho, hakuna aliyenigeukia kunitafsiria. Hilo nililisamehe, sisi pia tukikutana Waswahili watatu tunamsahau wa nne. Kilichoniondoa ni maneno niliyoyasikia kuhusu nywele na weusi, tena yakielekezwa kwa mwenzao, dada wa Jamhuri ya Dominika mweusi kama mimi. Tulitoka pamoja siku ile. Kupitia kwake nikawajua Wagarífuna, jamii ya Weusi wa Honduras, na Weusi wa pwani ya Pasifiki ya Colombia, watu ambao maisha yao yote wanaulizwa kama ni Walatino kweli.

Na wenyewe wanalijua. MEChA, chama cha wanafunzi wa Chicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico, kilizaliwa 1969 kwenye mkutano wa Santa Barbara, wakati wanafunzi wanadai masomo ya historia yao vyuoni. Mwaka 2019 viongozi wake walipiga kura kuondoa kwenye jina maneno Chicano na Aztlán, nchi ya asili ya Waazteki katika masimulizi yao, kwa sababu wapo wenye asili ya Amerika ya Kati, Weusi na watu wa makabila ya asili walioona jina hilo haliwabebi. Wazee wa chama waliumia sana. Kwa hiyo mpwa asidhani anakwenda kwenye ukoo mmoja usio na ugomvi. Hata jina lina mjadala: Mbrazili ni Mlatino, lakini anaongea Kireno, na wengi hawamhesabu Mhispania.

Mwanzisha mada

Komredi, asante kwa kulisema wazi. Nilikutana na maneno ya namna hiyo mara moja na nilinyamaza. Sasa naona nilikosea kunyamaza.

Fundi wa Houston

Kwa wanaokuja Texas: tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria ya jimbo, SB 17, inazuia vyuo vya umma kuwa na ofisi za kushughulikia makundi ya asili mbalimbali. Vyama vya wanafunzi vyenyewe sheria haikuvifunga. Ila chumba tulichokuwa tukikutania kilikuwa cha ofisi iliyofungwa, na mfanyakazi aliyekuwa mlezi wetu akahamishwa. Mahafali ya Kilatino, yale wazazi wanapanda jukwaani kumvisha mtoto mtandio, sasa yanalipiwa na waliohitimu zamani. Nilichanga nami. Mwaka wangu mama yangu hakupata viza, akanivisha mama wa rafiki yangu kutoka El Salvador, amelia kuliko mimi.

Mpwa, ukifika uliza chama kinakutana wapi na siku gani, usitegemee tovuti ya chuo.

Binti wa Nakuru

Na usisubiri uwe na shida ndipo uende. Mimi nilikuwa nimekwenda kula kwao miezi miwili kabla ya msiba, ndiyo maana walijua mlango wangu ni upi.

Mtoto wa Uvira

Mwanzisha mada, umesema California. Mji gani? Miye niko Sacramento sasa, Jumamosi tunapika pamoja Waswahili wote, Wakongo, Wakenya, Watanzania, na majirani zetu wa Mexico wanaleta tortilla, chapati zao za mahindi, maana mahindi yetu sote yalitoka kwao. Kama anatua huku, nitumie namba ya ndege. Gari ninalo, na mke wangu ameshasema atampikia ugali siku ya kwanza.